Fundi Rangi Asiyeona Nyekundu

Watu walimwita Kioo kwa sababu kazi yake ukiichungulia unaona mpaka jino lako lililotoboka. Pikipiki ikiingia kwake imebonyea kama sufuria ya shule ya bweni, inatoka imenyooka na inang'aa, na mwenyewe anaanza kuogopa kuipanda isije ikachafuka. Miaka thelathini na moja alikuwa akinyoosha bodi na kupuliza rangi katika banda lile lile la mabati, lenye mlango mpana wa kupitishia pikipiki na mlango mwembamba wa kupitishia chai. Na katika miaka yote hiyo thelathini na moja, Kioo hakuwahi kuona tofauti ya nyekundu na kijani.

Hapana, si mafumbo. Alizaliwa hivyo. Bluu aliiona, manjano aliiona, nyeupe na nyeusi hakuwa na ugomvi nazo. Lakini nyekundu iliyokolea na kijani kilichokolea vilikaa machoni pake sawasawa, rangi ya chai iliyomwagika. Nyanya mbivu aliijua kwa kuibonyeza. Mtu mwingine mwenye macho kama hayo angeuza saruji au angefuga nyuki. Yeye akaenda kuwa fundi rangi, maana mikono yake ilipenda bati kuliko kitu chochote, na mapenzi hayaulizi macho.

Aliyemwonea rangi ni mkewe. Mama huyu alikuwa fundi cherehani, amekaa na mashine yake kibarazani, ukuta kwa ukuta na banda la mumewe, na alikuwa na sanduku lenye nyuzi za kila rangi. Mteja akileta pikipiki, mama hukata kipande cha uzi unaofanana na rangi inayotakiwa, akachukua birika na kikombe, akaingia bandani kwa mlango mwembamba kumpelekea mumewe chai. Chai hiyo ilichukua saa nzima kunyweka. Akitoka, rangi imeshachanganywa, kopo limefunikwa, na juu ya mfuniko amegonga alama kwa ncha ya msumari: moja ni nyekundu, mbili ni kijani, tatu ni kahawia. Kioo alisoma mifuniko kwa kidole gumba. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa ni mke, basi.

Hivyo ndivyo Kioo alivyoamini. Na aliogopa jambo moja tu duniani, siku mtaa utakapojua. Nani atampelekea pikipiki yake fundi rangi asiyeona rangi? Heri umpe kinyozi kipofu wembe umkabidhi na shingo. Kwa hofu hiyo hakuruhusu mtu kuingia bandani wakati anapuliza. Aliwaambia ni sababu ya vumbi. Vumbi lilikuwa la kweli, ila halikuwa sababu yote.

Majirani wake wa karibu walikuwa wawili. Ng'ambo ya barabara alikuwepo mwenye duka la rangi, ambaye wote walimwita Redio kwa sababu hakuzimika. Redio alitangaza kila anachouza hata kama mnunuzi ni mmoja na amesimama mbele ya pua yake. "Kioo, nyekundu yako hii, nusu lita! Nyekundu hiyo, umeshika nyekundu!" Na upande wa pili wa ua alikuwepo fundi injini aliyeitwa Grisi, naye alikuwa na maneno mengi kwa mtu wa spana. "Nipe bisibisi, ile ya mpini mwekundu, hiyo ya kushoto kwako, karibu na goti." Kioo alijiuliza kwa nini jirani yake anaelekeza bisibisi kana kwamba anaelekeza mgeni nyumba. Lakini kila mtu na kilema chake, akawasamehe.

Siku moja Mwalimu akaja. Alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, mama mrefu mwenye sauti ya kunyamazisha madarasa mawili kwa mpigo, na Kioo mwenyewe alikaa mbele yake darasa la tano. Nyuma yake vijana wawili walisukuma mkokoteni, na juu ya mkokoteni kulikuwa na kitu kilichokuwa pikipiki zamani.

"Kioo, unaikumbuka?"

Angeisahau vipi? Mwalimu aliinunua miaka arobaini na miwili iliyopita, na ndiye mwanamke wa kwanza kuonekana kwenye pikipiki katika barabara ile. Watoto walikuwa wakiikimbilia mpaka shuleni. Ilipozeeka ikawekwa banda la kuku, na kwa miaka kumi na mmoja kuku walitagia kwenye kiti chake. Tangi lilikuwa na bonde ubavu wa kulia, madigadi yalitobolewa na kutu, na taa ya mbele ilikuwa imejaa manyoya.

"Nikuambie kisa," Mwalimu alisema, akivuta kigoda bila kukaribishwa. "Nilipoinunua, mzee wangu alikataa katakata kupanda nyuma. Mwanamume mzima abebwe na mkewe, watu watasema nini! Mimi naenda sokoni kwa pikipiki, yeye ananifuata kwa miguu anatoka jasho. Nikamsumbua, nikamsumbua, mwisho akasema: nikitimiza miaka sabini nitapanda. Alijua mpaka hapo ama yeye ama pikipiki, mmoja atakuwa marehemu. Sasa anatimiza sabini Jumamosi ya mwisho wa mwezi."

"Na wote wawili wapo," Kioo alisema.

"Mmoja yupo. Huyu mwingine nimekuletea wewe umfufue. Na nataka rangi yake ile ile. Damu ya mzee, Kioo. Nyekundu iliyoiva, siyo nyekundu ya pipi."

Injini ilikwenda kwa Grisi. Bodi ikabaki kwa Kioo, na hapo ndipo mtu alipaswa kumwona. Alivua rangi ya zamani kwa msasa na maji, siku nzima, mpaka bati likabaki uchi. Akapitisha chuma kilichopindwa ndani ya mdomo wa tangi, akawa anasukuma lile bonde kutoka ndani kidogo kidogo, huku nje akiligonga kwa nyundo ya mti, tok, tok, tok, bila haraka hata chembe. Kutu ya madigadi aliikata, akachomelea viraka, akavisaga mpaka kiraka kisijulikane kilipoanzia. Puti, ule ujiuji wa kuzibia mashimo, aliipaka nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Kisha akavaa soksi kuukuu mkononi, akafumba macho, akapapasa.

Soksi ndiyo iliyokuwa mzani wake. Kiganja kitupu hukwama kwenye bati, lakini ndani ya soksi hata tuta la unene wa unywele husikika. Alipapasa tangi kutoka mdomoni mpaka kwenye kiti, akasimama, akarudi nyuma kidogo, akagonga mara moja, akapapasa tena. Wiki tatu zilipita hivyo. Siku ambayo soksi ilipita mara kumi bila kukuta kitu, Kioo alicheka peke yake bandani.

Jumapili mkewe aliingia na chai. Chini ya nembo ya tangi walikuwa wameokoa kipande cha rangi ya asili, kikubwa kama kucha, na mama alijaribu nyuzi sita kabla ya kuupata unaofanana nacho. Akachanganya, akakoroga, akaongeza tone la nyeusi, akafunika kopo, akagonga msumari mara moja. Usiku huo simu ikalia. Binti yao ameshikwa na uchungu, wiki mbili kabla ya siku zake.

Alfajiri ya Jumatatu mama alikuwa amebeba mkoba, uso unang'aa kwa furaha na wasiwasi. "Nitarudi Jumapili. Mdogo wangu atakuja kukupikia. Na usipulize kitu mpaka upapase mfuniko."

"Miaka thelathini na moja, bado unanikumbusha?"

"Ndiyo maana imefika thelathini na moja," alisema, akapanda basi.

Shemeji yake akaja. Alikuwa mfanyakazi wa usafi hospitalini, mwenye moyo safi na mikono safi zaidi, na vumbi lilimjua kwa jina. Jumanne, Kioo alipokwenda kwa Grisi kujaribu injini, shemeji alichungulia bandani akashika kifua. Kisha akakunja mikono ya shati. Alifagia, akapangusa, akapanga makopo kwa urefu kama watoto wa gwaride. Mifuniko iliyoganda rangi aliibandua yote, akaiosha kwa petroli, akaianika juani, kisha akaifunika tena, kila mmoja kwenye kopo lililokuwa karibu. Mifuniko yote ilikuwa saizi moja. Nani angejua?

"Shemeji, umenitendea wema," Kioo alisema aliporudi, na alisema kwa moyo mmoja. "Humu ndani sasa mtu anaweza kula chini."

Siku hiyo hiyo habari zikaja kwamba amepata mjukuu wa kike, mzima, mwenye kelele. Basi Jumatano Kioo aliingia kazini akiwa na mabawa. Alifunga milango, akanyunyiza maji sakafuni kuzuia vumbi, akapapasa mifuniko. Alama moja. Akafungua, akachuja rangi, akajaza bomba la kupulizia. Aliimba nyimbo zote alizozijua na mbili alizozitunga papo hapo kwa ajili ya mjukuu. Mkono ulikwenda na kurudi, hausimami, haukimbii. Hakuna tone lililotiririka, hakuna mahali palipokauka kabla ya wakati wake. Tangu aanze kazi hakuwahi kupuliza vizuri namna ile.

Alhamisi asubuhi akalining'iniza tangi kwenye waya nje ya banda, na madigadi kando yake, yapigwe na jua. Akakaa kwenye kigoda kusubiri sifa.

Redio alifungua duka, akatazama ng'ambo, akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Kwa mara ya kwanza tangu mtaa umjue, Redio alizimika. "Imeng'aa," alisema hatimaye, akarudi ndani haraka kama mtu aliyesahau jiko linawaka.

Grisi akaja na kikombe cha chai, akasimama mbele ya tangi, akajimwagia chai mguuni bila kusikia. "Mwalimu anakuja lini?"

"Leo jioni, kuangalia."

"Leo leo?"

"Leo leo. Kwani vipi?"

"Hapana, hakuna. Bodi imenyooka, ndugu yangu. Imenyooka sana." Grisi akaondoka, simu imeshafika sikioni.

Kioo akabaki na sifa zake mbili mkononi, wala hazikumwingia. Watu walipita, wakatazama, wakamsalimu kwa upole kama mtu aliyefiwa. Akalipapasa tangi kwa soksi. Halikuwa na kosa.

Saa nane mchana basi likasimama mbele ya duka la Redio, na nani akashuka? Mkewe, na mkoba wake. Alivuka barabara, akalitazama tangi, akauangusha mkoba. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini vumbini na gauni lake zuri la safari.

"Baba watoto," alisema alipopata pumzi, "umempaka Mwalimu trekta!"

Kwenye rafu kulikuwa na kopo la kijani lililobaki baada ya kupaka trekta la mkulima mmoja. Mama aliingia bandani, akayaona makopo yamejipanga kwa urefu, mifuniko inameremeta, na hakuhitaji kuuliza nani amepita humo. Ile damu ya mzee ilikuwepo, haijaguswa, chini ya mfuniko wenye alama mbili.

Kioo maji yalikuwa yamemfika shingoni. Alitazama barabarani kama mwizi. "Anika nguo yoyote juu yake, kabla hawajaona! Na wewe umejuaje? Si ulisema Jumapili?"

Mama akatoa simu mkobani, akampa. Kabla ya saa tatu asubuhi alikuwa amepigiwa mara kumi na moja. Grisi mara sita. Redio mara nne. Namba moja hawakuijua ni ya nani.

"Grisi alisema hivi," mama akasema taratibu. "'Shemeji, panda basi la kwanza, mzee amepaka kijani.'"

Kioo alikaa juu ya kompresa, ile mashine ya hewa ya kupulizia. Akasimama. Akaenda moja kwa moja mpaka kwa Grisi, na Redio alikuwa tayari yuko pale, wamesimama bega kwa bega kama watoto waliovunja dirisha.

"Tangu lini?"

Grisi alikuna kichwa. "Tangu ulipomsifia mama wa pale kona kwa gauni lake la kijani. Lilikuwa jekundu kama pilipili, ndugu yangu. Mwaka wa pili tu baada ya kuhamia hapa."

"Miaka yote hiyo! Mbona hamkusema?"

"Tuseme nini? Wewe hukutaka tujue. Kwa hiyo tukawa tunajua kimyakimya."

"Na mimi unadhani napenda kupiga kelele?" Redio aliuliza, na ilionekana jambo hili lilimkaa moyoni siku nyingi. "Nyekundu yako hii, kijani chako hiki, umeshika nyekundu! Sauti yangu ilikuwa ya kwaya, Kioo. Koo limeniharibikia kwa ajili yako."

Kioo alitaka kukasirika, akashindwa. Aliona haya, kisha haya zikamtoka, na mahali pake pakaingia kitu kilichomjaa kifuani. Kumbe ukuta aliokuwa akiujenga peke yake kwa miaka thelathini na moja, wenzake walikuwa upande wa pili wanaushikilia usianguke. Alilia kidogo. Alicheka zaidi. Redio akalia kuliko yeye, maana hakuwa na kiasi katika jambo lolote.

Lakini Mwalimu alikuwa hajafika bado, na kwa Mwalimu aliamua kusema mwenyewe. Alipomwona anatokea jioni, alipiga moyo konde, akamngojea mlangoni.

"Mwalimu, nimekosea rangi. Na si bahati mbaya tu. Sioni nyekundu. Sijawahi kuiona."

Mwalimu alilisogelea tangi la kijani. Akaweka kiganja juu yake, akakipitisha pale palipokuwa na bonde, akarudia mara ya pili.

"Darasa la tano," alisema, "ulinichorea ramani yenye misitu myekundu, kutoka juu mpaka chini. Nikakupa saba kwa kumi, kwa kuwa mito uliichora safi kuliko mimi. Kioo, mimi nimejua kabla yako."

"Na bado ukaniletea?"

"Niliileta kwa ajili ya mkono wako. Macho anayo mkeo. Ulidhani tunaamini ile saa nzima ni ya chai?" Kisha akanyanyua kidole, na Kioo akawa na miaka kumi na mmoja tena. "Ila sikiliza. Keshokutwa saa nne mzee wangu atakuwa anatafuta mlango wa kutokea. Nikimpelekea ya kijani atasema ahadi yake ilikuwa ya ile nyekundu. Namjua nimelala naye miaka arobaini na mitano. Siku moja inakutosha?"

"Kwa mikono miwili, haitoshi."

"Mbona naona mingi?" Mwalimu alisema, akiwatazama wale wengine waliojibanza uani.

Ijumaa banda lilifunguliwa milango yote. Grisi aliacha spana zake akashika msasa, na Kioo akamfundisha kuvaa soksi, akamgombeza kila alipokandamiza. Redio alileta rangi ya msingi kutoka dukani na akakaa kimya kabisa, mpaka wakaanza kumhurumia. Shemeji, aliyeomba radhi mara ishirini, alikuwa akimwaga maji na kupangusa, na hakuna aliyethubutu kumgusia mifuniko. Mama aliikoroga rangi yake ya Jumapili hapo kibarazani, kweupe, uzi umetundikwa kwenye ukingo wa kopo. Hakushika birika siku hiyo.

Alipomaliza akamkabidhi mumewe kopo. Kidole gumba cha Kioo kilitafuta alama kwa mazoea, lakini kopo halikuwa na mfuniko. Akalitazama lile giza la rangi ya chai. Akawatazama watu wake. Kisha akauliza kwa sauti, mchana, barabara nzima ikisikia, swali ambalo hakuwahi kumwuliza mtu isipokuwa gizani:

"Jamani, hii ni rangi gani?"

"DAMU YA MZEE!" wakaitikia, na Redio akawashinda wote. Mwendesha baiskeli aliyekuwa akipita alishtuka nusura aanguke.

Kioo akaingia ndani, akafunga milango. Safari hii ilikuwa ni vumbi tu.

Jumamosi saa nne Mwalimu alikuja kuichukua, amevaa suruali na kofia ngumu, na mumewe nyuma yake katika suti iliyopigwa pasi. Mzee aliizunguka pikipiki mara mbili akitafuta sababu. Akajaribu kiti kwa kiganja. Akapiga teke gurudumu, gurudumu halikusema kitu. Mwisho akainama juu ya tangi, akajiona humo, na tai yake, na watu wote waliosimama nyuma yake wakitabasamu.

"Fundi," alisema, na alikuwa hajui lolote, maskini, "hii rangi nzuri hivi inaitwaje?"

Kioo akapitisha mkono juu ya tangi, kutoka mdomoni mpaka kwenye kiti, macho amefumba.

"Kunyooka, nakuhakikishia imenyooka, mzee wangu. Rangi muulize mke wangu pale. Fundi rangi wa hapa ni yeye."

Mama aliyekuwa mleta chai kwa miaka thelathini na moja alisimamisha cherehani.

"Damu ya mzee," alisema.

Mwalimu akapiga kiki, injini ikaitikia, na mumewe akapanda nyuma, akamshika kiuno kwa mikono miwili.